Mashine tupu, benchi limejaa

Juzijuzi nilimpeleka mama hospitali kupiga CT ya tumbo, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili. Kama tatizo lingekuwa foleni tu nisingeandika, foleni tumezizoea. Kilichonipandisha hasira ni kwamba kila mlango ulipofunguliwa niliona meza ya mashine haina mtu, na huku nje benchi halina pa kukaa.

Sababu ni kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi! Asubuhi yote imekwisha ndipo kijana wa dirishani anamwita mama, anaisoma fomu na kuuliza majibu ya figo yako wapi. Namwambia hakuna aliyetuagiza. Hata hakuinua macho: "Dada, hilo mwulizeni daktari wenu. Nendeni maabara, mkipata mrudi." Akamwita anayefuata, na huyo naye hana kreatinini. Wa tatu hivyo hivyo. Ukiona wagonjwa watatu wamekwama penye jambo lile lile, ujue kosa si la wagonjwa.

Dawa ya kontrasti yenye ayodini, ile inayoingizwa mshipani ili picha zionekane vizuri, hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo swali lenyewe ni halali. Wanaohofiwa hasa ni wale ambao eGFR yao, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu, iko chini ya 30, na hao kama wanatumia metformini, dawa ya kisukari, huambiwa waisimamishe siku ya kipimo hadi saa 48 baadaye, figo zikaguliwe tena ndipo warudie. Lakini haya yote yanajulikana tangu fomu inapoandikwa. Simu moja siku moja au mbili kabla ingemaliza kazi: una ugonjwa wa figo? Umewahi kudhurika na kontrasti? Unatumia metformini? Kwa mwanamke, kuna uwezekano wa ujauzito? Asiye na historia ya figo wala kihatarishi kingine mara nyingi hata damu haihitajiki. Anayehitaji apimwe kabla hajapewa nafasi, au idara iwe na kile kipimo kidogo cha tone la damu kinachotoa jibu ndani ya dakika chache. Kumgundua akiwa tayari ameitwa ni kuiua nafasi yake, na hapakuwa na aliyeandaliwa kuingia badala yake.

Na kanula, kale kamrija ka kupitishia dawa mshipani, wanaitia mgonjwa akiwa ameshalala juu ya meza. Hapa nilitaka kulia. Mashine huchukua picha za tumbo kwa sekunde chache, mgonjwa anabana pumzi mara moja au mbili basi. Dakika zinazoliwa ni za kutafuta mshipa. Chumba cha pembeni, muuguzi mmoja, kanula ya pinki ya geji 20 kwenye mkunjo wa kiwiko, ijaribiwe kwa maji ya chumvi, na mgonjwa anaingia akiwa tayari. Waliotoka wodini walikuja na zile za njano za geji 24, nyembamba zaidi, ambazo hazifai kwa kontrasti inayosukumwa kwa kasi, hivyo zikatolewa na kazi ikaanza upya. Wodi ikiambiwa mapema geji inayotakiwa, hilo halitokei.

Halafu wote tuliandikiwa saa mbili asubuhi. Anayepaswa kunywa kontrasti ya mdomo taratibu kwa muda wa saa nzima, anayepiga picha ya kichwa tu bila dawa yoyote, wote saa mbili! Wa dharura walipopita mbele sikunung'unika, ndivyo inavyopaswa, ila dharura huja kila siku. Ziachwe nafasi wazi kwa ajili yao kwenye ratiba badala ya kujifanya zimeshtukiza.

Mama aliambiwa pia asile tangu usiku, na ana kisukari. Mwongozo wa ESUR, jumuiya ya Ulaya ya radiolojia ya mkojo na uzazi, haupendekezi mtu afunge kula kabla ya kontrasti hizi za kisasa. Kufunga ni kwa altrasaundi ya kibofu cha nyongo, jamani. Kwa nini mnamkalisha mgonjwa wa sukari na njaa mpaka mchana?

Haki yake nimpe mtaalamu wa mionzi aliyempiga picha. Alimsalimu mama kwa heshima, akamweleza kwamba atahisi joto mwilini na kama mkojo unataka kutoka, akarudia naye zoezi la kubana pumzi kabla ya kuanza, na picha hazikurudiwa. Kwa ajili yake nilishaamua nyota tatu, labda nne.

Kisha tukarudi dirishani kuulizia majibu. "Mtakuwa mnapita kuulizia." Tunapita lini? Picha zikishapigwa kuna foleni ya pili, ya daktari bingwa wa radiolojia kuzisoma, na hii mgonjwa haioni kabisa. Zipangwe kwa uharaka, mtu apewe tarehe, na ripoti ikitoka apate meseji. Kumrudisha mama mgonjwa kila mara aje kuulizia ni kuongeza watu kwenye benchi lile lile linalolalamikiwa. Nyota moja, na hiyo ni ya yule mtaalamu wa mionzi peke yake.