TAHADHARI: Muuzaji wa panga za Kijapani "zilizotoka Burma"

Wakuu mlioko Uingereza mnaokusanya vitu vya vita, kuna jamaa anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp akiuza panga za Kijapani za Vita vya Pili vya Dunia. Anasema babu yake alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), akarudi nazo kutoka Burma. Ni kweli askari wetu walipigana kule. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944. Ila babu gani huyo ambaye kila mwezi anaibua upanga mwingine?

Ukimuuliza nani aliufua, anajibu "Seki". Seki si mtu, ni mji wa mkoa wa Gifu uliofua panga nyingi za jeshi, na ule muhuri mdogo wa Seki uliopigwa kwenye chuma ni wa ukaguzi tu. Jina la fundi, kama lipo, huchongwa kwenye msuka, kile chuma kinachoingia ndani ya mpini, na tarehe mara nyingi iko upande wa pili. Unatoa kigingi cha mwanzi, unavua mpini, unasoma. Mwombe picha ya msuka uone visingizio: mpini umeganda, simu haina chaji.

Mteja mmoja alimbana mpaka akaitoa. Tarehe ilisomeka Showa 18, na jamaa bila haya akasema ni 1918! Mwaka wa Showa (zama za Mfalme Hirohito wa Japani) unaujumlisha na 1925, kwa hiyo ni 1943. Kibaya zaidi, msuka wote ulikuwa mweusi kwa kutu lakini ndani ya herufi chuma kinang'aa. Jina la miaka ile lingekuwa limeshika kutu ileile.

Ana na ule wenye mpini wa alumini uliopakwa rangi kuiga kamba. Huo unaiga upanga wa masajini, aina ya 95 ya mwaka 1935. Bapa lake lilitoka kiwandani, lina namba tu, halina sahihi ya fundi. Yeye anataja Masamune, fundi mashuhuri wa panga wa zama za Kamakura, karne nyingi kabla ya hapo!

Na msisahau sheria: tangu 2008 England na Wales zimezuia kuuza au kuingiza panga zilizopinda za sm 50 na zaidi. Za kabla ya 1954 zimesamehewa. Feki ya juzi haimo.

Anataka advansi kwanza, kisha anabadilisha namba. Aliyekwisha tuma apigie benki yake leo, na asifute meseji hata moja.