Chama chako cha Forge of Empires kisajili nani: chipukizi au mkongwe?

Katika mchezo huu wa mtandaoni wa kujenga miji na kupigana, nafasi za chama ni 80 tu, kwa hiyo kila anayeingia anamzibia mwingine njia.

Mkongwe anakuja na jeshi tayari. Msimu wa mapambano ya vyama huchukua siku 11, naye anaweza kupigana tangu siku ya kwanza, anajua sekta ipi ishambuliwe na ipi iachwe. Shida ni kwamba mara nyingi ametoka chama kingine baada ya ugomvi, na ugomvi huo ana tabia ya kuuhamisha pamoja na virago. Muulize kwa nini aliondoka. Akianza kuwasema viongozi wake wa zamani, mimi huishia hapo hapo.

Chipukizi ni mzigo mwanzoni, tusidanganyane. Hazina ya chama haipati bidhaa nyingi kutoka kwake, na vita vichache tu vinamchosha. Lakini akisaidiwa kujenga The Arc, mojawapo ya majengo makuu ya mchezo, hesabu inageuka: ikifika ngazi ya 80, zawadi zake za kuchangia majengo makuu ya wenzake huongezeka kwa asilimia 90. Hapo ndipo anapoanza kuwainua wengine, na kwa kawaida haondoki ovyo.

Kwa chama kinachopigania ligi ya almasi, ya juu kabisa katika mapambano ya vyama, wiki hii, chukua mkongwe. Vinginevyo mimi namchagua chipukizi anayeingia kila siku na kujibu ujumbe, hata kama mji wake bado ni vibanda.