Siku tatu Tanga, na baba mdogo aliyekuwa kuli

Tanga wanaiita waja leo warudi leo. Nami nilikwenda na nia hiyohiyo: Jumamosi nimjulie hali baba mdogo, Jumapili nipande basi nirudi Dar. Nikalala siku tatu. Ukiniuliza kama mji unafaa kutembelewa, nitakwambia nenda, ila usifuate fukwe peke yake.

Safari ni kama kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera. Kiyoyozi cha basi kiligoma mapema, tukafungua madirisha, yakaisha. Nyumba ya wageni niliyofikia upande wa Raskazone ilikuwa na upepo mzuri wa bahari na shuka safi. Maji ya moto niliyoahidiwa kwenye simu yalikuja kwenye ndoo, siku ya pili, baada ya kuuliza mara tatu.

Pa kuanzia ni Makumbusho ya Urithi, ndani ya Boma la zamani la Wajerumani. Si makubwa, na ukiwa peke yako utamaliza haraka, picha za zamani ndizo nyingi. Mimi nilikuwa na baba mdogo, tukakaa karibu saa mbili. Alipoiona picha ya bandari alivua kofia. Alifanya ukuli pale miaka mingi, enzi ambazo meli kubwa haikuweza kufunga gatini kwa sababu kina kilikuwa kidogo. Ilitia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye tishari, chombo bapa kisicho na injini, tishari likavutwa na tagi, boti ya kuvutia, hadi gatini, kisha mzigo ukapakuliwa tena. Kazi moja inafanywa mara mbili. Mkonge nao uliondoka kwa njia hiyo, kinyumenyume.

"Robota moja, yaani furushi la mkonge lililobanwa, kilo 250," akaniambia. "Hulinyanyui, mwanangu. Unalibembeleza." Akanionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kulia, hakikunjiki. Kulabu ya mwenzake iliteleza.

Mkonge wenyewe una kisa chake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Humo ndimo yalimotoka mashamba yote yale unayoyapita ukiwa njiani, Korogwe hadi Muheza. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga, na ilipofika 1911 ilikuwa imeshagusa Moshi. Miaka ya 1960 mwanzoni nchi hii iliongoza duniani kwa mkonge. Ikaja nailoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na mji ukaanza kupungua kelele. Wengine hutaja sababu moja tu kati ya hizo, kutegemea chama chao. Baba mdogo anazitaja zote, halafu anaongeza na mameneja.

Siku ya pili tukakodi bajaji kwa nusu siku, mwongozaji akiwa yeye. Hapa ndipo nina lalamiko na mji mzima. Ukitaka kuona Tanga ya viwanda, hakuna tiketi ya kukata wala kibao cha kusoma. Tulipita magodauni ya zamani, tukafuata reli, tukaenda hadi kilipokuwa kiwanda cha mbolea kilichofungwa miaka ya 1990 mwanzoni. Dereva wetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, anapita hapo kila siku na hakuwa anajua kilitengeneza nini. Nilimlipa nauli, lakini somo alilipata bure.

Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 nje ya mji, yamepangwa vizuri zaidi. Kuna mwongozaji, kuna tochi, kuna popo. Utasimuliwa habari za Osale Otango, mtu aliyesakwa na serikali ya kikoloni akajificha humo miaka ya 1950, na utaona sadaka za watu wanaokuja kuomba mizimu. Vaa viatu vyenye meno chini, mawe yanateleza. Na usivae nyeupe, kuna sehemu utapita kwa kujikunja.

Vita vya Novemba 1914 navyo utasimuliwa kila kona: Waingereza walileta jeshi la watu wapata 8,000 kutoka India, wakashindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu wapata 1,000. Kila anayesimulia anawasifu nyuki waliowavamia Waingereza katikati ya mapigano. Askari Waafrika waliokuwa kwenye kikosi hicho hawapati hata nusu ya sifa za nyuki.

Kisiwa cha Toten sikukifikia. Mwenye boti tulikubaliana shilingi 30,000, tulipokuwa katikati ya maji ikawa 50,000. Nikamwambia geuza. Patana mbele ya watu, na ulipe mkirudi.

Jioni nenda Ngamiani, zile barabara zenye namba, ya kwanza hadi ya 21. Baiskeli ni nyingi kuliko magari, na muuza kahawa atakugongea vikombe kabla hujakaa. Kahawa chungu, kashata ya nazi, baraza limejaa wazee wanaobishana mpira. Hapo ndipo nilipoahirisha basi la Jumapili.

Asubuhi ya kuondoka, baba mdogo alitaka kuiona bandari. Siku hizi wamechimba kina, meli inafunga gatini yenyewe. Tulisimama nje ya uzio, meli moja ikipakuliwa kwa winchi, hakuna tishari hata moja majini. Aliangalia muda mrefu, kisha akamwita kijana aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa.

"Zamu moja siku hizi mnapakia marobota mangapi?"

"Shikamoo mzee. Marobota ya nini?"

"Ya mkonge."

Kijana akacheka kwa adabu, akasema yeye ana wiki mbili tu, ametokea Singida.