Ukuta au michongoma kati ya karakana na nyumba za watu?
Kwa kelele, ukuta wa tofali za saruji unashinda, mradi usiwe na mianya na uwe mrefu kiasi cha kuficha mashine isionekane kwenye dirisha la jirani. Majani hayazuii mlio wa grenda, na anayemwahidi jirani hivyo anamdanganya.

Kwa vumbi, michongoma ni mizuri. Panda mistari miwili ya kupishana, sentimita 30 kati ya miche, mita 1 ndani ya mpaka. Kata vichwa mapema ili ifunge chini. Ikikosa maji kiangazi cha kwanza, inaacha mapengo.

Ukuta ni ghali mwanzoni, matunzo kidogo. Maji ya mvua yakituama nyuma yake huuangusha, kwa hiyo acha matundu madogo chini, ya kutolea maji tu.

Mchomelea vyuma aanze na ukuta. Muuza mchanga mwenye mtu wa kumwagilia, michongoma inamtosha.