Teal Album ya Weezer: maoni ya mpiga besi wa Mbeya

Napiga besi kwenye bendi ya hapa Mbeya. Kazi zetu ni harusi, sendofu na kumbi za hoteli, kuanzia Soweto hadi Uyole, na msimu ukichanganya tunashuka Tukuyu na Kyela. Asilimia kubwa ya tunachopiga ni kopi, yaani nyimbo za wengine, kwa hiyo nimeisikiliza albamu hii ya Weezer, bendi ya roki ya Marekani, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Ina nyimbo 10 na zote ni za watu wengine. Ilitoka ghafla Januari 2019, na iliyoifungulia njia ni kopi moja ambayo hata wenyewe hawakupanga kuipiga.

Kopi hiyo ni "Africa". Wenye wimbo ni Toto, bendi ya Los Angeles, waliourekodi kwa albamu yao ya 1982. Waliutunga David Paich wa kinanda na Jeff Porcaro wa dramu, na Februari 1983 ukakaa namba 1 Marekani. Mwishoni mwa 2017 binti mmoja wa Ohio, bado mwanafunzi, akafungua ukurasa wa Twitter kwa kazi moja tu: kuwaomba Weezer wauimbe. Watu wakamuunga mkono miezi kadhaa. Mei 2018 Weezer wakaanza kwa kumtania, wakatoa "Rosanna", wimbo mwingine wa Toto haohao. Siku chache baadaye wakatoa wenyewe ulioombwa. Agosti ulikuwa namba 1 kwenye chati ya Billboard ya roki mbadala, na kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, ukafika namba 51. Weezer hawakuwa wameingia Hot 100 tangu 2009! Toto nao wakalipa fadhila kwa kuupiga "Hash Pipe" wa Weezer.

Sasa kwa nini ulishika? Wapo wanaosema ni utani wa mtandaoni tu. Mimi sikubali. Utani unakufa baada ya wiki, na redio haziupigi wimbo hadi uongoze chati kwa sababu ya utani peke yake. Nimeusikiliza kwa spika za masikioni (tafadhali usiupime kwa spika ya simu, besi yote inapotea) na ninachosikia ni watu walioamua kuuheshimu wimbo. Hawakubadilisha mwendo, hawakuongeza manjonjo, hata ile solo ya kinanda katikati wameiacha ilivyokuwa. Walichoweka cha kwao ni magitaa mazito kwenye kiitikio na sauti ya mwimbaji wao Rivers Cuomo, ambayo ni nyoofu, haina madoido, kama mtu anayeimba akiwa peke yake chumbani. Mwenye kuomba wimbo anataka wimbo ule anaoujua. Anayefanya kazi ya kumbi analijua hili vizuri kuliko mchambuzi yeyote.

Kazi ngumu kwa bendi ipo kwenye dramu. Toto waliporekodi, Porcaro na mpiga tumba Lenny Castro walipiga pamoja, wakachagua kipande kizuri, kisha wakakiunganisha kwenye tepu kiwe kinazunguka chenyewe. Ndiyo maana mdundo ule hautetereki mwanzo hadi mwisho. Sisi hatuna tepu, tuna kijana mwenye dramu na mwenzake wa tumba, na wakikimbia kidogo tu wimbo unageuka kitu kingine. Tulipokuwa tunajifunza nilimwomba mpiga dramu asijaze chochote mwisho wa ubeti. Hiyo ni adhabu kwa mpiga dramu, lakini wimbo ukakaa.

Kuna jambo la kwetu ndani yake. Mashairi yanaweka Kilimanjaro juu ya Serengeti, ilhali kutoka mlimani hadi hifadhini ni zaidi ya kilomita 200, na Paich aliandika kabla hajakanyaga Afrika. Wenzangu wawili kwenye bendi walitaka tuubadilishe mstari huo. Nilipinga na bado napinga, kwa sababu nimeona unavyofanya kazi. Tulikuwa harusini Tukuyu, mvua imeanza kama kawaida ya Tukuyu, bati la ukumbi linaunguruma hadi fundi mitambo akapandisha sauti. Meza ya wazee ilikuwa imenyamaza tangu "Africa" uanze, maana Kiingereza na magitaa hayo havikuwa vyao. Mwimbaji alipotamka Kilimanjaro, mzee mmoja akainua kidole juu, akasimama, akaja mbele na noti ya elfu kumi kumtunza. Wakafuata akina mama wa kamati na vitenge vyao vya sare. Wimbo wa kubariki mvua, unaimbwa Tukuyu, na mvua inajibu juu ya bati. Sijawahi kupiga besi kwa furaha kama ile.

Kopi kuwafikia watu ambao wa kwanza hakuwafikia si jambo geni kwetu Afrika Mashariki. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Mombasa ulitoka 1982, na mwaka uliofuata Boney M wakaurudia kule Ulaya.

Nirudi kwenye albamu, maana ukiinunua unapata na nyimbo nyingine tisa. "Everybody Wants to Rule the World" wa Tears for Fears umekaa vizuri mno, magitaa yanang'aa na mwendo haujaharibiwa. "Stand by Me" wa Ben E. King ndio niliouweka kwenye orodha yetu ya harusi mara moja: besi yake anaijua kila mtu, na maharusi wanaweza kuucheza taratibu. "No Scrubs" wa TLC ulinishangaza, wanaume wanaimba maneno ya wadada bila kugeuza chochote na bado unaaminika. "Paranoid" wa Black Sabbath una nguvu, ila huku kwetu sijui ukumbi wa kuupigia.

Udhaifu upo. Kwenye "Billie Jean" heshima imezidi. Wamefuata hatua kwa hatua, wakaacha kitu kimoja ambacho hakifuatwi, yaani pumzi ya Michael Jackson, na kila nikiusikiliza naishia kumtafuta mwenye wimbo. "Sweet Dreams" wa Eurythmics nao unapita bila kugusa. Kopi inayofuata wimbo kwa karibu inahitaji angalau rangi moja ya mpigaji, kama yale magitaa ya "Africa", na kwenye hizi mbili rangi hiyo siioni. Albamu nzima haifiki hata dakika 40, kwa hiyo anayehesabu bando hataumia.

Kwa bendi za Mbeya, Iringa na Njombe zinazopiga mahotelini, naipendekeza waziwazi. Anzeni na "Stand by Me", kisha "Africa" dramu zikishatulia, na mwimbaji asimeze neno Kilimanjaro. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye "Billie Jean", ambao sisi tunaendelea kuujifunza kutoka kwa Michael mwenyewe.