Mbuzi, fidla na foleni: usiku wangu Langada, kisiwani Ikaria

Bibi ninayemtunza hapa Athens ni mzaliwa wa Ikaria, kisiwa cha Ugiriki. Kila ikifika Julai huniuliza kama mwaka huu nitaenda kwao, na kila mwaka nilikuwa na kisingizio. Safari hii binti yake akaja kukaa naye siku nne, visingizio vikaniishia.

Meli kutoka Piraeus, bandari ya Athens, sitaisema sana. Meltemi, kaskazi ya kwao inayovuma kiangazi, ilituchelewesha bandarini saa nyingi, na hakuna aliyetoka kutuambia kitu mpaka watu walipoanza kupaza sauti. Chukueni koti. Agosti au si Agosti, usiku juu ya sitaha ni baridi.

Nilichokwenda kukiona ni panigiri, yaani sikukuu ya mtakatifu wa kijiji: asubuhi ibada, halafu nyama, divai na ngoma. Tarehe 15 Agosti Waorthodoksi huadhimisha Kulala kwa Mama wa Mungu. Kwetu Wakatoliki siku hiyohiyo ni Kupalizwa Bikira Maria, kwa hiyo sikujiona mgeni sana. Wanaoshika mfungo hawajagusa nyama tangu tarehe mosi, na hilo utaliona kwenye foleni ya mbuzi!

Langada, kijiji nilichokwenda, iko juu milimani, imejibanza bondeni usipoweza kuiona ukiwa baharini. Wazee walijificha huko wakikimbia maharamia. Siku hiyo moja inafurika watu kuliko stendi ya Tanga mkesha wa Krismasi.

Mbuzi anauzwa kwa kilo, wa kuchemsha au wa kuchoma. Chukua wa kuchemsha. Ni chukuchuku kabisa, chumvi tu, lakini analainika mpaka mfupa unaachia wenyewe. Wa kuchoma alinishinda meno. Pilipili hakuna, nilikuwa na kichupa changu mkobani, na nilipokitoa, mzee wa meza ya jirani akajaribu, akatoa machozi, akaomba tena. Divai ni ya hapohapo kisiwani na ina nguvu, usiinywe kama juisi.

Huduma ni ya polepole, nilisubiri karibu saa nzima. Ila wanaokuletea sahani ni vijana wa kijiji wanaojitolea, na faida inarudi kwenye barabara, maji na shughuli nyingine za kijiji. Nilipoambiwa hivyo nikaacha kununa.

Sasa fidla. Mimi nimekulia kwenye taarabu, fidla naijua kama chombo cha kulia na kubembeleza, watu wamekaa vitini, mmoja mmoja anainuka kwenda kutunza. Hii ya Ikaria haikubembelezi, inakuvuta mkono. Mpigaji anashika kipande kifupi cha wimbo, anakirudia, anakipinda kidogo, anakirudia tena, na pembeni yake laouto inagonga mapigo. Laouto ni ndugu wa udi wetu, hata jina limetokana na lilelile la Kiarabu, ila shingo yake ni ndefu na inapigwa kwa ukali zaidi.

Ngoma yenyewe inaitwa ikariotikos. Mnashikana mabegani, mnazunguka, mnaanza taratibu kama watu wanaotafuta kitu chini, kisha mwendo unapanda bila ninyi kujua. Duara likijaa linajikunja, linazaliwa jingine ndani yake. Nilikuwa nimeapa kukaa. Mama mmoja wa makamo hakuniuliza jina wala nchi, alinipachika tu kati yake na mwanawe. Hatua nilizikosea kwa muda mrefu, kisha miguu ikazishika yenyewe, na nilipotazama juu nyota zilikuwa zimeanza kufifia. Kufikia hapo kushoto kwangu alikuwa msichana wa kama miaka kumi, kulia babu mwenye fimbo mfukoni mwa koti, naapa, ameikunja.

Vaeni viatu vya chini. Panga usafiri wa kurudi kabla hujaanza kucheza, maana mimi nilisubiri hadi jua lichomoze ndipo nikapata lifti ya pikapu mpaka Evdilos, mji wa bandari, nimekaa nyuma na masufuria matupu.

Bibi aliponiona mlangoni hakuuliza kama nilifurahi. Alitazama miguu yangu iliyovimba, akacheka mpaka akakohoa.

Nyota nne. Ya tano nimeiacha kwenye foleni ya choo.