Kurudishiwa pesa mzigo wa mtandaoni usipofika: uzoefu wangu na kila njia ya kudai

Nimetumia njia zote za kudai pesa ambazo mnunuzi wa Tanzania au Kenya anaweza kuzifikia: ulinzi wa mnunuzi ndani ya soko lenyewe la mtandaoni kama AliExpress au eBay, PayPal (huduma ya malipo ya mtandaoni), fomu ya kupinga muamala benki, na kumdai ajenti wa mizigo, yaani anayekupokelea mzigo nje na kukusafirishia. Nikizipanga kwa ubora, ulinzi wa soko ni wa kwanza, PayPal inafuata, benki ni ya mwisho lakini ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ajenti yuko peke yake, na hapo ndipo pesa nyingi za watu wetu zinapotelea. Kote huko kinachoamua ni tarehe na karatasi. Anayedai mapema akiwa na maelezo mafupi na picha zilizo wazi hulipwa, na mwenye haki kamili aliyechelewa siku moja hukataliwa.

Kabla ya kudai chochote, isome namba ya ufuatiliaji. Mizigo inayopita posta za kimataifa hutumia mfumo wa Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, kama CN kwa China au GB kwa Uingereza. Herufi ya kwanza inakuambia mengi. R ni barua au kifurushi kilichosajiliwa, E ni EMS, yaani huduma ya haraka ya posta, C ni kifurushi cha kawaida cha posta. U ni huduma ya bei nafuu ambayo haiahidi ufuatiliaji hadi mlangoni, ndiyo maana namba nyingi za U hunyamaza mzigo ukishaondoka nchi ya muuzaji. Ukimya huo peke yake haumaanishi kwamba mzigo umepotea. Unamaanisha kwamba muuzaji hana namna ya kuthibitisha kuwa umefika, na kwenye dai hilo ni jambo zuri kwako.

Iweke namba kwenye 17TRACK, tovuti ya kufuatilia mizigo, na kwenye tovuti ya posta ya nchi yako, kisha linganisha. Ukikuta tu kwamba taarifa za kielektroniki zimepokelewa, jua muuzaji amechapisha lebo na mzigo haujakabidhiwa kwa msafirishaji. Hali hiyo ikidumu wiki nzima, mwandikie muuzaji mara moja, maana hilo ndilo dai rahisi kuliko yote. Ukiona mzigo umeondoka ofisi ya mabadilishano ya nje, yaani kituo cha posta kinachotuma mizigo nje ya nchi ya muuzaji, lakini haujasomwa kuingia nchini, uko kati ya viwanja vya ndege au kwenye gunia ambalo halijafunguliwa. Hapo subiri, ila jicho lako liwe kwenye tarehe ya mwisho ya ulinzi. Ukiona umefika forodha au ofisi ya posta, toka nyumbani uende dirisha la vifurushi na kitambulisho na namba iliyochapishwa. Mizigo mingi inayodhaniwa imepotea iko rafu ya nyuma, kwa sababu kikaratasi cha taarifa hakikuingia kwenye sanduku au namba ya simu kwenye lebo ilikatwa.

Anwani nayo huua madai. Posta hupeleka kwenye sanduku, kwa hiyo inahitaji S.L.P. na mji. Kampuni za vifurushi vya haraka kama DHL zinahitaji mtaa, alama ya karibu na namba ya simu, na sanduku la posta haliwafai. Andika vyote viwili, na simu ianze na 255 au 254. Ukikosea anwani mzigo ukarudi kwa muuzaji, soko nyingi huhesabu kosa ni lako.

Sasa soko lenyewe. Utaratibu wa AliExpress na eBay unafanana kimsingi: pesa yako ina ulinzi wa muda maalumu, na ndani ya muda huo una haki ya kusema mzigo haujafika. Kwenye AliExpress ukurasa wa oda unaonyesha siku zilizobaki. Piga picha ya skrini siku unayoagiza, kwa sababu tarehe iliyoahidiwa wakati wa kununua ndiyo utakayoisimamia. Kwenye eBay unatakiwa kuripoti ndani ya siku 30 tangu tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika. Muuzaji hupewa siku 3 za kazi kujibu, kisha unaiomba eBay iingilie kati. Wengi hukwama katika hatua hiyo ya pili: wanafungua dai, muuzaji anaomba subira, wanasahau kubonyeza ombi la kuingiliwa kati, na dai linajifunga lenyewe.

Usibonyeze kitufe cha kuthibitisha kupokea kabla mzigo haujawa mkononi, hata muuzaji akikuomba kwa heshima na kukuahidi punguzo. Na usiondoe dai kwa ahadi. Maneno huwa yale yale: funga dai nitume kingine, funga dai nikurudishie kwa njia nyingine, dai linaharibu duka langu. Anayetaka kweli kurudisha pesa anaweza kukubali dai hapo hapo, na pesa itarudi kwa njia ile ile iliyotoka. Mazungumzo yote yabaki ndani ya soko. Ujumbe wa WhatsApp hausomwi na anayeamua dai.

Maandishi ya dai yawe mafupi, kwa sababu mara nyingi yanapita kwenye tafsiri ya mashine. Mimi huandika mambo manne tu: tarehe ya kuagiza, tarehe iliyoahidiwa, hali ya mwisho ya ufuatiliaji pamoja na tarehe yake, na ninachodai, yaani kiasi chote pamoja na nauli ya usafirishaji. Picha ziwe nzima, zionyeshe namba ya oda na tarehe ya skrini. Ukiulizwa kama unakubali kurudishiwa sehemu, kataa. Mzigo ambao haukufika hauna nusu.

Kesi ngumu ni ile ambayo ufuatiliaji unasema umekabidhiwa na wewe hukuona kitu. Anza na uzito na mji. Kama uliagiza pasi ya umeme na rekodi inaonyesha gramu 20, au mzigo ulikabidhiwa mji usio wako, ombi lako limeshapata ushahidi, maana ni mbinu ya wauzaji wasio waaminifu kutuma bahasha tupu ili namba ionekane imekamilika. Kama mji ni wako, omba uthibitisho wa kukabidhi: jina la aliyesaini, saa, na anwani. DHL wanao kwa njia ya kielektroniki. Posta, omba barua yenye mhuri inayosema kifurushi namba fulani hakikuandikwa kuchukuliwa na mwenye sanduku fulani. Barua ya mistari mitatu yenye mhuri ina uzito kuliko kurasa tatu za kulalamika. Ukishindwa kuipata, taarifa ya polisi yenye namba ya RB (namba ya kitabu cha taarifa cha kituo) husaidia, hasa kwa vitu vya thamani kubwa. Kwa malipo ya PayPal kuanzia dola 750 za Marekani, muuzaji anatakiwa kuonyesha saini ya mpokeaji. Rekodi ya kukabidhi peke yake haimtoshi.

Kuna jambo posta ambalo huwaudhi wengi dirishani bila sababu. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, fidia ya kifurushi kilichosajiliwa kikipotea hulipwa aliyekituma, isipokuwa yeye mwenyewe akikuachia haki hiyo. Uchunguzi nao hufunguliwa ndani ya miezi 6 kuanzia kesho yake baada ya kutumwa, kwa fomu ya CN 08. Kwa hiyo posta ya kwako ikikuambia mwambie muuzaji aanzishe uchunguzi, haikufukuzi. Ila usikubali muuzaji akuweke kando hadi uchunguzi wake uishe. Fidia yake na posta ni yake, dai lako kwake linasimama peke yake.

PayPal naipa alama ya juu kwa uwazi. Una siku 180 tangu siku ya malipo kufungua mgogoro. Ukishaufungua una siku 20 za kuupandisha uwe dai rasmi, vinginevyo unafungwa, na ukifungwa haufunguliwi tena. Haifai kabisa kwa malipo yaliyotumwa kama ya ndugu na marafiki, kwa sababu hayo hayana ulinzi wa mnunuzi. Muuzaji akikusihi utume kwa njia hiyo ili kukwepa makato, anakuomba uvue ulinzi wako wote.

Benki ni kwa ajili ya duka lisilo ndani ya soko lolote, au soko likikataa dai lenye haki. Ukilipa kwa kadi ya Visa, sababu ya kutopokea bidhaa ina namba 13.1. Kwa Mastercard huangukia 4853. Zitaje kwenye fomu, maana ofisa wa tawi hushughulika zaidi na wizi wa kadi na anaweza kuandika kwamba hukuidhinisha muamala. Hilo likiandikwa umepoteza dai, kwa kuwa muamala uliuidhinisha mwenyewe, ulichokosa ni bidhaa. Visa hutoa siku 120 tangu tarehe ya mwisho uliyotarajia kupokea, bila kuzidi siku 540 tangu muamala. Hizo ni siku za benki yako, ambayo nayo inahitaji nafasi ya kuandaa faili, basi usiende wiki ya mwisho. Ambatanisha risiti ya oda, ahadi ya tarehe, ufuatiliaji, na ushahidi kwamba ulimtafuta muuzaji kwanza. Usiendeshe dai la PayPal na la benki kwa pamoja. PayPal hufunga la kwake likionekana la benki.

Kadi mtandao za mitandao ya simu, kwa mfano M-Pesa GlobalPay ya Safaricom na Visa, zinafuata kanuni hizo hizo, ila dai huanzia huduma kwa wateja ya mtandao wako. Hifadhi tarakimu nne za mwisho za kadi, na usiifute kadi wakati oda haijafika, kwa sababu pesa hurudi kwenye namba ile ile. Kutuma moja kwa moja kwa namba ya simu au lipa namba ni jambo jingine kabisa. Kule Kenya unaweza kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kuomba kurudishiwa pesa uliyotuma kimakosa, lakini huduma hiyo haiamui kama kiatu ulichonunua Instagram kilifika au la. Kwa muuzaji wa mtaani usiyemjua, lipa mzigo ukiwa mbele yako.

Nimeacha ajenti mwisho kwa makusudi. Watu wengi huagiza kwa anwani ya ghala la ajenti Guangzhou au Dubai, kisha mzigo unakuja kwa ndege au kontena. Elewa kinachotokea: ghala likishapokea, kwa soko mzigo umefika. Dhamana ya eBay inasema wazi kwamba haihusu kitu kilichopelekwa tena anwani nyingine baada ya kufika ya kwanza. Sheria ya Uingereza ya haki za mlaji ya mwaka 2015 ina wazo lile lile: hatari ni ya muuzaji hadi bidhaa iwe mkononi mwa mnunuzi, isipokuwa mnunuzi alichagua msafirishaji wake mwenyewe asiyetajwa na muuzaji. Ndugu akikununulia kule na kuelekeza kwa ajenti wenu, ulinzi huo unaishia mlangoni kwa ajenti.

Kwa hiyo dai dhidi ya ajenti linajengwa kabla mzigo haujaruka. Dai picha ya mzigo ukiwa ghalani ukionyesha alama yako, uzito kwa kilo, idadi ya boksi, na risiti yenye thamani uliyotangaza. Kwa ndege, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania, Kenya na China ni wanachama, unaweka kikomo cha fidia ya shehena: kuanzia Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho SDR moja ni takriban dola 1.35. Piga hesabu kwa simu ya dola 400 yenye uzito wa kilo 0.4: inatoka SDR 10.4, takriban dola 14. Kikomo hicho hupanda tu kama thamani ilitangazwa maalumu wakati wa kukabidhi na ada ya ziada ikalipwa. Vitu vidogo vya bei kubwa viwekee bima au vitangazie thamani, la sivyo vipitishe kwa msafirishaji wa muuzaji.

Mzigo wa ndege usipofika ndani ya siku 7 baada ya siku uliyotakiwa kufika, mkataba unampa mpokeaji haki ya kuanza kudai, na kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2. Kumbuka hati ya kusafirishia mzigo kwa ndege (air waybill) mara nyingi ina jina la ajenti kwa sababu anakusanya mizigo ya wengi. Mwombe nakala yake kwa maandishi na mpe tarehe ya kujibu.

Dai likikubaliwa, ujumbe wa kurudishiwa pesa haumaanishi pesa iko kwenye akaunti. Kadi huchukua siku za kazi kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, na kiasi kinaweza kutofautiana kidogo na ulicholipa kwa sababu dola hubadilishwa kwa bei ya siku ya kurudi. Isipoonekana, muombe muuzaji au soko ARN, namba ya tarakimu 23 inayofuata kila pesa inayorudi kwenye kadi. Ipeleke benki ikiwa na tarehe na kiasi. Kwa namba hiyo ofisa anaweza kuitafuta pesa yenyewe, na hawezi tena kukujibu kwamba haijatumwa.